Fundi wa Kuzeesha Shaba

Fundi hakuwa mwongo, na hapo ndipo wateja wake walipopatikana. Miaka yote niliyomfahamu pale Mikindani sikuwahi kumsikia akitamka neno lisilo la kweli, hata mbele ya mtalii aliyesimama kibarazani na miwani ya jua kichwani, kigongeo cha mlango mkononi, akiuliza kama kitu hicho ni cha kale.

"Shaba yake ni ya kale," Fundi angejibu.

Ilikuwa kweli. Shaba ile ilitoka kwenye propela ya boti iliyooza Msimbati kabla mimi sijazaliwa.

"Na umekipata wapi?"

"Ardhini. Nimekichimba kwa mikono yangu hii, hapo nyuma ya nyumba."

Hiyo nayo kweli tupu. Asichokiongeza ni kwamba aliyekifukia ni yeye mwenyewe, siku arobaini nyuma, kikiwa kipya kinang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Nilipokuwa msichana nilimuuliza kama haoni kwamba huko ni kudanganya watu. Akanitazama kana kwamba nimemwambia swala ya adhuhuri ina rakaa tano.

"Mimi sijibu swali nisiloulizwa, Binti Mwalimu. Akiuliza nani kakitia ardhini, nitamwambia. Mbona hawaulizi?"

Binti Mwalimu ndiye mimi. Baba alihamishiwa huku kufundisha akitokea Njombe, na nyumba tuliyopanga ilipakana ukuta kwa ukuta na ya Fundi. Baba alistaafu akarudi kwao kwenye baridi; mimi nikabaki, nikaajiriwa kutunza chumba cha maonyesho ya vitu vya kale vya mji. Yaani mmoja wetu alivitengeneza vitu vya kale na mwingine akavilinda. Tuliishi hivyo vizuri tu, hadi Fundi alipotaka kitu kimoja kutoka kwangu, jina lake kwenye kadi ndogo ya karatasi ngumu, nami nikashindwa kumpa.

Kwa msomaji ambaye mlango wake una kitasa na komeo tu, kigongeo ni pete nzito ya shaba iliyoshikizwa kwenye bamba lenye nakshi, kwa msumari mnene unaoiruhusu kunyanyuka na kuanguka. Unaishika pete, unaigonga, mwenye nyumba anajua ana mgeni. Fundi alikuwa na historia yake juu ya chombo hiki, ambayo sijaikuta kwenye kitabu chochote na siwezi kuikanusha. Alisema watu wa pwani hawakuwahi kukihitaji. Tuna midomo, tunabisha hodi, tunasubiri tukaribishwe. Kigongeo kililetwa na ghorofa. Tajiri alipopanda juu, akajizungushia ukuta wa mawe mnene kama urefu wa mkono, akaweka na mlango ambao watu wanne hawaunyanyui, hodi ikawa haimfikii tena.

"Ndiyo akatafuta kitu cha kumpigia kelele," alisema Fundi. "Sisi wa chini tunasikia, tutakiwekea nini?"

Mafundi wa kwanza, kwa maelezo yake, walikuja na wachonga milango kutoka ng'ambo. Wakawafundisha watumishi wao, watumishi wakawafundisha watoto wao, na mwishoni kabisa mwa mnyororo huo alikuwa amekaa yeye, juu ya kreti ya soda, na mvukuto mkononi. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Wanawe wote walichagua kazi za gesi kule Mnazi Bay, wakavaa kofia ngumu, na kila walipokuja kumsalimia walimwomba aache kuchezea moto.

Kazi yenyewe niliitazama miaka mingi juu ya ukuta wa uani. Alichekecha mchanga wa Msimbati kwa kipande cha kanga, akauchanganya na udongo kidogo na maji ya sukari guru mpaka ukashikana vizuri. Ndani ya mchanga huo alikandamiza kielelezo cha mbao: ua lenye petali sita, na pete iliyonenepa upande wa chini kama tende. Akikitoa, inabaki nafasi yenye sura ileile, na humo ndimo shaba inamomwagwa. Shaba aliiyeyusha pamoja na bati kidogo, kwa sababu shaba peke yake, alisema, ni bubu, bati ndilo linaloipa sauti. Moto ulikuwa wa vifuu vya nazi. Kipimo cha joto hakuwa nacho. Alitazama ndimi za moto, na zikianza kuota ukijani, alimwaga. Wakati wa kumwaga hakusema na mtu. Siku moja Mama alimsalimia katikati ya shughuli hiyo, naye akaitikia salamu kesho yake.

Mpaka hapo alikuwa fundi kama mafundi wengine. Ubingwa ulianzia kwenye kuzeesha. Kwanza alikipaka kigongeo mafuta ya maganda ya korosho, yale meusi yanayobabua ngozi, aliyoletewa na jamaa zake wa Naliendele. Halafu chumvi. Halafu maji ya dagaa yaliyoshinda juani siku tatu, ambayo yalitufanya sisi majirani tuijue ratiba yake ya kazi bila kuuliza. Halafu shimoni. Kikitoka huko kilikuwa na kutu ya kijani kwenye mikunjo ya ua, weusi pembeni, na sura ya kitu kilichoona mengi na kisichotaka kuyazungumzia.

Lakini kitu cha kale pia kinachakaa, na kinachakaa pale tu kinaposhikwa. Hili lilimnyima raha muda mrefu. Msasa unaacha mikwaruzo, na mnunuzi mwenye jicho anaiona. Jibu alilipata kwa beberu wake, mnyama mkubwa mwenye tabia mbaya. Alimning'inizia pete kifuani kwa kamba, akamwacha azunguke nayo mtaani miezi mitatu, na manyoya ya kifua yakailainisha shaba polepole, kama mikono ya wageni wa vizazi vinne. Kazi zikizidi, beberu alivaa pete mbili. Mama mmoja wa Kizungu alimpiga picha akidhani ni mila yetu. Fundi alimwangalia akipiga, hakusema kitu, kwa kuwa hakuulizwa.

Ndani kwake usingekuta kitu chochote cha kale. Alivichukia. Viti vilikuwa vya plastiki, vyombo vya plastiki, na saa ya ukutani ilikuwa na picha ya maporomoko ya maji yanayowaka taa. Mlango ulikuwa wa chuma, na pembeni yake palikuwa na kengele ya umeme aliyoinunua Mtwara mjini, ukiibonyeza inaimba kama ndege aliyebanwa. Aliipenda kengele ile kuliko beberu. Umeme ukikatika, na ulikuwa ukikatika ingawa gesi inayouzalisha inachimbwa hapo Msimbati, pua na mdomo, alikaa mlangoni kuwaombea radhi wageni kwamba leo kengele haifanyi kazi.

"Kwa nini usiweke kigongeo?" nilimuuliza.

"Vile vitu ni vya maonyesho, Binti Mwalimu. Mimi nakaa hapa."

Aligombana na wateja kwa jambo moja tu, nalo ni simba. Kila mfanyabiashara aliyekuja kutoka Dar alitaka kichwa cha simba chenye pete mdomoni, kwa sababu ndicho watu walichokiona kwenye filamu. Fundi alikataa katakata. Kwake, uongo wa mdomo ulikuwa dhambi, na simba kwenye mlango wa Mikindani alikuwa uongo wa mdomo, maana anatamka waziwazi kwamba milango ya hapa ilikuwa na simba, na haikuwahi kuwa nao. Kwa nini maji ya dagaa hayakuwa dhambi, hilo tulilijadili mara nyingi na sikuwahi kushinda.

Na alikuwa na hasira ya kazi mbovu. Neno lake baya kuliko yote lilikuwa kulipua. Mtu aliyelipua kazi, yaani aliyeifanya haraka haraka ili aondoke, kwake alikuwa karibu na mwizi. Geti la shule ya baba lilipochomelewa upya, Fundi alilizunguka mara mbili, akaingia ofisini kwa baba na kumwomba, kwa adabu zote, awaambie watoto wasilitazame. Baba alicheka wiki nzima. Mimi nilikuja kumpenda kwa mambo kama hayo. Baba aliporudi Njombe nikabaki peke yangu, Fundi aliniletea futari kila jioni ya Ramadhani, mimi Mkristo nisiyefunga, na kila Krismasi alikuja amevaa kanzu iliyopigwa pasi, akanywa soda moja, akakagua bawaba za milango yangu, akaondoka.

Sasa niseme habari ya kadi.

Mikindani palikuwa na kigongeo kimoja ambacho hakuna aliyekitilia shaka. Kilikuwa kwenye mlango wa Bi Mkubwa, mjane aliyeishi kwenye nyumba ya ghorofa aliyoachiwa na wakwe zake. Ua la petali sita na pete ya tende vilitoka hapo; kazi zote za Fundi zilikuwa watoto wa kigongeo hicho. Mwaka mmoja msumari wake ulikatika, Bi Mkubwa akakituma kwa Fundi. Fundi akakitia msumari mpya na, alipokuwa nacho mkononi, akakitolea nakala. Safari hii hakutumia mbao, alikikandamiza chenyewe kwenye mchanga. Akairudisha mali ya Bi Mkubwa mlangoni kwake. Nakala akamuuzia mhandisi mmoja wa kigeni, kwa maneno yaleyale ya shaba ya kale na ya ardhini.

"Ile ndiyo kazi niliyozaliwa kuifanya," aliniambia juu ya nakala hiyo, na sikuwahi kumsikia akijisifu kabla ya hapo.

Mhandisi alipomaliza mkataba wake alikitoa zawadi kwa mji, na kwa njia hiyo kikafika kwangu. Akaja mtaalamu kutoka Dar na kioo cha kukuzia, akakitazama, akasema ni kazi safi ya zamani sana. Mimi niliyajua yote kama nilivyoeleza hapo juu. Lakini mtaalamu alikuwa na shahada mbili na mimi nilikuwa na ajira ya miezi miwili. Nikakaa nikaandika kadi kwa mwandiko wangu bora: Kigongeo cha mlango. Shaba. Enzi za biashara ya pembe za ndovu. Fundi hajulikani. Nikakiweka kwenye kabati la kioo, bosi akafunga na kuondoka na ufunguo.

Ijumaa iliyofuata Fundi alikuja baada ya swala. Akatia sahihi kitabu cha wageni, akaenda moja kwa moja kwenye kabati, akasoma, akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Alikuja tena Ijumaa ya pili, akacheka. Ikawa desturi yake. Alisimama pale mikono nyuma, akiwasikiliza wageni wakisifu, na mara moja alimwambia mwalimu aliyeleta wanafunzi kwamba anaona mwenye kazi hiyo alikuwa mtu makini.

Halafu ikaja Ijumaa moja ambayo hakucheka. Alisoma kadi kwa sauti, polepole, kama mtoto anayeanza kusoma.

"Fundi hajulikani." Akanigeukia. "Binti Mwalimu, kwani wewe hunijui?"

Mpaka leo nikilikumbuka swali lile uso unaniwaka moto.

Alikuwa ametengeneza vigongeo maisha yake yote, na sharti la kila kimoja kupendwa lilikuwa kwamba yeye asiwepo. Niligundua siku hiyo kwamba jambo hilo lilikuwa limeacha kumchekesha, na kwamba macho yake yalikuwa yameanza kuingiwa na ukungu. Presha ya macho, walisema hospitali. Alitaka kulisoma jina lake kwenye kadi kabla hayajafunga kabisa. Hicho tu.

Niliandika barua. Nikajibiwa kwamba suala limepokelewa. Nikaandika nyingine, nikajibiwa linafanyiwa kazi. Kubadili kadi kulimaanisha kusema kwamba mtaalamu alikosea, mtaalamu alikuwa ameandika ripoti, na ripoti ilikuwa imesainiwa na mtu ambaye sasa alikuwa mkubwa wa yule aliyekuwa akisoma barua zangu. Miaka ikapita hivyo. Fundi aliendelea kuja Ijumaa, kwanza peke yake, kisha na fimbo, kisha akaacha kuja. Kadi haikubadilika na macho yake yakafunga.

Kilichobadilika ni wakubwa. Mwaka jana akaja bosi mpya mwenye hamu ya mafundi wazawa. Vitu vya kale sasa vilikuwa vimepitwa na wakati. Kila mtu alitaka fundi aliye hai, wa hapahapa, mwenye historia ya kupigwa picha. Faili langu likafufuliwa kwa siku mbili. Hata mtaalamu wa Dar aliandika kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa na mashaka. Kibali kikatoka, kwa sharti moja: mhusika akishike kitu, athibitishe kuwa ni kazi yake, aweke dole gumba kwenye fomu.

Nilikwenda asubuhi na gari la ofisi, kigongeo kimefungwa kwenye taulo, kadi mpya kwenye mkoba. Fundi alikuwa uani kwenye kiti chake cha plastiki, amekonda, kofia imemzidi kichwa.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Binti Mwalimu. Nimesikia gari. Leo umekuja na serikali nzima."

Nikamsomea kadi. Kigongeo cha mlango. Shaba. Kazi ya, nikataja jina lake, la baba yake na la babu yake, fundi wa Mikindani.

"Rudia."

Nikarudia.

"Rudia hapo kwenye jina tu."

Nikarudia hapo kwenye jina tu. Alikuwa anatabasamu upande mmoja, kama mtu anayeficha kitu mdomoni. Nikafungua kibati cha wino, nikamwekea kigongeo mapajani. Kwa miaka yote alikuwa amekiona kupitia kioo, na usoni tu. Akakipapasa ua, akahesabu petali, akaipima pete. Kisha akakigeuza, kidole gumba kikapita nyuma ya bamba, kikasimama, kikarudi, kikapita tena. Tabasamu likaondoka. Nilidhani amejikata.

"Si changu," alisema.

"Fundi, labda umekishika vibaya."

"Huku nyuma kuna uvimbe. Shaba imemwagwa, ncha imekatwa, haikupigwa tupa. Mtu kalipua. Mimi nyuma nasugua mpaka panateleza." Akakiinua kidogo, kana kwamba ananionyesha. "Changu ni kizuri kuliko hiki."

Akaanza kunieleza, akielewa huku akieleza. Alipokitia kigongeo cha Bi Mkubwa msumari mpya, msumari uling'aa, ukaonekana kama jino la dhahabu kwa mzee. Akaona akizeeshe kidogo na chenyewe. Akavifukia vyote viwili shimo moja, cha Bi Mkubwa amekifunga uzi ili asikipoteze. Siku ya kufukua, Bi Mkubwa alikuwa ametuma watu mara tatu, ana harusi ya mjukuu, anataka mlango wake. Akachimba. Mafuta ya korosho na maji ya dagaa yalikuwa yameula uzi.

"Nikavitazama usoni," alisema. "Kama wateja. Nikachukua kilichozeeka zaidi, nikampelekea Bi Mkubwa."

"Na kilichozeeka zaidi..."

"Kilikuwa changu."

Miaka mingine ningecheka mpaka nikae chini. Kadi yangu ya kwanza, ile niliyoiandika kwa woga nikijua ni uongo, ilikuwa kweli tangu siku ya kwanza, na hii ya pili, niliyoipigania nusu ya ajira yangu, ndiyo ilikuwa ya uongo. Lakini sikucheka. Nilifanya jambo ambalo naona aibu kuliandika. Nilimshika mkono, nikausogeza kwenye wino, nikamwambia hakuna mtu duniani anayejua, fomu ipo, barua imesainiwa, na nikiirudisha bila dole gumba sidhani kama nitaishi kuona kibali kingine. Weka tu, Fundi. Jina ni lako na kazi uliifanya kweli, ipo tu mahali pengine.

Akautoa mkono wake taratibu.

"Baba yako alikuwa akisahihisha madaftari hapo dirishani. Uliwahi kumwona anampa mtoto vyema kwenye daftari la mwenzake?" Akaanza kukifunga kigongeo kwenye taulo. "Hayo ya kadi yaache. Nimeuza mali ya mjane. Nimemuuzia mgeni mali ya mjane, nikala, nikalala. Nipeleke kwa Bi Mkubwa."

Nikampeleka. Alikaa mbele karibu na dereva, taulo mapajani.

Bi Mkubwa alikuwa ukumbini, mlango wazi, anajipepea kwa kipepeo cha ukindu. Ni mtu mzima sana sasa, lakini ulimi wake haujaguswa na uzee. Fundi alikataa kiti. Akasimama na fimbo yake, akamweleza yote kwa mpangilio: msumari, nakala, shimo, uzi, mhandisi. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akijibu maswali ambayo hakuna aliyemuuliza. Mwisho akanyoosha taulo.

"Hiki ndicho cha wakwe zako, Bi Mkubwa. Nimekuja kukurudishia, na kile cha mlangoni nitakibandua. Unisamehe."

Bi Mkubwa aliacha kujipepea.

"Kwa hiyo hiki kinachonigongea kila siku ni wewe umekitengeneza?"

"Ni mimi."

"Kwa mikono yako hiyo."

"Hiyohiyo."

"Sasa ukibandue uende nacho wapi?" Akausukuma ule mzigo wa taulo kwa ncha ya kipepeo. "Hicho kilikuwa kinalia kama sufuria yenye ufa, na mkwe wangu aliyeniachia tulikuwa hatuivi. Wakirudishe huko kwenye kabati, watu wakakione. Mimi changu ni hiki."

Machozi yalimtoka Fundi, akayaacha yashuke. Nilizunguka ofisi nyingi nikitafuta mtu mwenye mamlaka ya kusema sentensi kama hiyo, na mwenye mamlaka alikuwa hapo muda wote, anajipepea.

"Ila kwa kuwa umekuja mwenyewe," aliendelea Bi Mkubwa, "msumari wake umelegea. Tangu Idi unachezacheza. Nilikuwa naulaumu uzee wa bamba la mkwe wangu, Mungu amrehemu, kumbe ni wewe. Kazi gani hii, Fundi? Si ulipue basi tujue umelipua!"

Nikashtuka kwa ajili yake. Halafu nikamwona uso. Kwa maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumlalamikia Fundi juu ya kigongeo, maana kitu cha kale hakina wa kulalamikiwa. Alipapasa ukuta mpaka mlangoni, akaishika pete, akaitikisa. Kweli, ilicheza.

"Umelegea," alisema, na sijawahi kumwona mtu akikubali kosa kwa furaha kiasi kile. "Umelegea kweli, Bi Mkubwa. Binti Mwalimu, kaniombee nyundo kwa dereva."